Mti Usio Kwenye Jedwali

Kazi yangu ilikuwa kushika ncha ya futikamba.
Daktari Tiong alisimama shinani,
mimi nikarudi kinyumenyume, shingo nimeipinda juu,
hadi pale jani la mwisho linapokoma, mbingu inapoanza.
"Hapo!" Nikachomeka kijiti.
Kaskazini mita sita na nusu. Kusini nne.
Mashariki palikuwa mtoni, kwa hiyo tukakisia.
Ruba walinipanda miguuni bila kuhesabiwa.

Ndivyo unavyoupima mti usiotaka kuuangusha:
upana wa shungi lake, kimo chake,
unazidisha, unapandisha kwa kipeo,
na karatasi inakujibu kwa kilo.
Karatasi haitoki jasho.

Lakini mlinganyo nao una wafu wake.
Mwaka wa kwanza wanaume wa nyumba yetu ndefu,
Apai Lemba mbele na msumeno wa injini,
waliangusha miti arobaini na mmoja
ili ile mingine, yote, ipimwe ikiwa hai.
Tuliigawa kama nguruwe wa karamu:
shina mizani hii, matawi mizani ile,
majani kwenye magunia yaliyokuwa ya mchele.
Vipande vikashuka Sibu kwa boti,
vikaokwa tanurini siku nne
mpaka maji yakaaga,
ukabaki ukweli mkavu, gramu kwa gramu.

Mimi ndiye niliyeandika lebo.
Katika gunia la kumi na tisa kulikuwa na kiota.
Sikukiona ila baada ya namba kuandikwa,
nami nikanyamaza, maana kibarua kililipwa kwa gunia.
Gramu mia na kumi.
Kimo humo mpaka leo,
ndani ya kila msitu tunaoukadiria,
kiota kidogo kinachozidishwa.

Kisha tukapanda juu ya mto.
Picha ya droni ilionyesha shungi moja
limekaa juu ya wenzake kama sinia juu ya vikombe.
"Huu," akasema Daktari, "kwenye jedwali uko wapi?"
Haupo.
Nikamgeukia Apai Lemba. Alikuwa akidai posho ya jana.
"Tapang haukatwi. Una nyuki.
Ukiukata, nyumba nzima inatozwa faini,
nguruwe, jogoo, na maneno ya wakwe zangu."
Akautazama msumeno wake, akacheka.
"Halafu, kwa meno haya?"

Daktari hakucheka. Aliketi juu ya mzizi
uliompita kimo alipoketi.
Mkubwa kuliko yote tuliyoiua
haufiki nusu ya huu.
"Ni kama nimewapima watoto wa shule," akasema,
"sasa naulizwa uzito wa mwalimu mkuu."
Akaandika hata hivyo: tani sitini na tatu,
kujumlisha au kutoa ishirini na mbili.
Nikaipigia hesabu ile kutoa na kujumlisha:
kosa peke yake ni zito kuliko sisi wote wa nyumba ndefu
pamoja na mbwa, boti, na madumu ya petroli.

Huko mjini kuna watu wanaoinunua namba hiyo.
Wanataka kujua hewa ya ukaa kiasi gani imelala hapa.
Sijui watamlipa nani kwa zile ishirini na mbili,
nyuki, au mimi na kiota changu.

"Tuupime kwa mkono," akasema, "angalau shungi."
Nikashika ncha. Nikarudi kinyumenyume
nikapita mizizi, nikapita kijito,
nikapita kambi yetu na sufuria la wali.
Juu, masega kumi na moja yalining'inia
meusi, yakitetemeka kama ngozi ya farasi.
Futikamba ikakaza. Mita ishirini, mwisho wake,
na juu yangu bado ni majani.

"Hapo?" sauti yake ikaja kutoka mbali, ndogo.

Nilisimama nimeshika ncha,
mkono umenyooka.

"Bado."